Nyuzinyuzi za Chakula na Unene: Utafiti Unasemaje?

Zamani mama aliponenepa baada ya kuolewa, watu walisema ametunzwa vizuri. Mume alisifiwa, na mama mwenyewe alijiona amebarikiwa. Hata leo mwanamke mwembamba akifika kwenye harusi au kwenye kikao cha akina mama, wapo watakaomwuliza kama nyumbani kwake kuna amani. Lakini wengi wetu tunaujua upande wa pili wa jambo hili: magoti yanayouma wakati wa kuinuka kutoka kwenye maombi, pumzi inayokatika njiani, na jibu la kliniki kwamba shinikizo la damu limepanda au sukari imeanza kuonekana.

Tatizo hili linakua. Katika uchunguzi wa afya ya jamii uliofanyika Tanzania mwaka 2004/05, wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2015/16 ulikuta wamefika 28. Kwa majirani zetu wa Kenya, uchunguzi wa mwaka 2014 uliwakuta wanawake 33 katika kila 100. Si ugonjwa wa matajiri tena.

Ndiyo maana biashara ya dawa za kupunguza mwili imeshamiri. Kuna unga wa kukoroga kwenye maji, kuna majani ya chai, kuna vidonge. Nyingi kati ya dawa hizo husifiwa kwa neno moja: nyuzinyuzi. Mama mwenye hofu hutoa fedha aliyoiweka kwa ajili ya ada ya mtoto akanunua kopo moja, na likiisha hununua jingine. Je, ni kweli nyuzinyuzi hupunguza unene? Na kama ni kweli, ni lazima zitoke kwenye kopo?

NYUZINYUZI NI NINI?

Nyuzinyuzi, ambazo baadhi ya wataalamu wa lishe huziita makapi-mlo, ni sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuisaga na kuifyonza. Hazipatikani katika nyama, samaki, mayai, maziwa wala mafuta. Zinapatikana katika nafaka, jamii ya kunde, mboga na matunda.

Ziko za namna mbili. Za kwanza haziyeyuki katika maji. Hizi ni kama pumba ya mahindi na zile nyuzi ngumu za mboga za majani. Kazi yake kubwa ni kuongeza wingi wa choo na kukisukuma, ili mtu asifunge choo.

Za pili huyeyuka katika maji, na nyingi kati yake hugeuka kuwa ute. Kila mama amekwisha kuziona jikoni kwake. Ukikata bamia, ule ute unaovutika ndizo. Ukipika mlenda, ule utelezi ndio huo huo. Uji wa oti unapopoa ukawa mzito, na jemu ya mapera inapoganda sufuriani, ni kazi ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Ile ya matunda huitwa pektini, na ile ya oti na shayiri huitwa beta-glukani. Maharage, kunde, mbaazi, choroko na dengu zina aina zote mbili kwa pamoja. Machungwa, mapera, mapasheni na ule unga mweupe wa ubuyu navyo vina nyuzinyuzi zinazoyeyuka.

MADAKTARI WAWILI WA AFRIKA MASHARIKI

Huenda usijue kwamba habari hii ya nyuzinyuzi, inayotangazwa leo duniani kote, ilianzia kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Dk. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland na Mkristo aliyejulikana kwa imani yake, alifika Uganda mwaka 1946. Akiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliichunguza saratani ya taya za watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu kiasi cha kilometa 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza katika kila hospitali ugonjwa huo unaonekana wapi.

Dk. Hugh Trowell, Mwingereza, alianza kazi Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda. Huyu ndiye aliyehangaika miaka mingi na ugonjwa wa kwashakoo kwa watoto. Alipomaliza utumishi wake alirudi kwao akawa kasisi wa Kianglikana.

Wote wawili walishangazwa na jambo moja. Magonjwa waliyoyazoea Ulaya, kama vile kisukari cha watu wazima, magonjwa ya moyo, mawe katika mfuko wa nyongo na unene, yalikuwa adimu kwa wanakijiji wa Afrika Mashariki. Wakajiuliza: tofauti ni nini? Burkitt alipohamia London aliwaandikia madaktari wa hospitali za vijijini, nyingi zikiwa za misheni, akiwauliza wanaona magonjwa gani. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kupima choo. Chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa muda wa siku moja na nusu hivi, na choo chake kwa siku kilikuwa zaidi ya gramu 400. Kwa mabaharia wa Uingereza waliokula mkate mweupe, safari hiyo ilichukua zaidi ya siku tatu, na choo kilikuwa gramu 100 tu. Burkitt hakuona haya kuzungumzia choo mbele ya watu wakubwa, na watu walimcheka kabla ya kumsikiliza.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Mwanakijiji yule hakutofautiana na baharia kwa nyuzinyuzi peke yake. Alilima kwa jembe, alitembea kwa miguu, alikula mafuta kidogo na sukari kidogo. Kwa hiyo wanasayansi waliokuja baadaye walilazimika kuzipima nyuzinyuzi zenyewe, kwa kuwagawa watu katika makundi na kulinganisha.

ZINAFANYAJE KAZI?

Kwanza, ute wa nyuzinyuzi zinazoyeyuka hufanya chakula kikawie kutoka katika mfuko wa chakula. Mtu hukaa na shibe kwa muda mrefu zaidi. Pili, katika utumbo mwembamba ute huo huchelewesha sukari kuingia katika damu, hivyo sukari haipandi ghafla. Tatu, hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine, na kolesteroli mbaya katika damu hupungua.

Nne, zinapofika utumbo mpana, bakteria wema walioko humo huzila. Katika kuzila hutoa aina za asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo na kuuamsha utoe homoni zinazoupelekea ubongo habari kwamba tumeshiba. Mojawapo ya homoni hizo ndiyo inayoigwa na zile sindano mpya za kupunguza uzito zinazozungumzwa sana siku hizi. Lakini tusidanganyane: nguvu ya maharage ni ya upole sana ukiilinganisha na ya sindano.

Kuna jaribio moja dogo ambalo kila mama angefaa kulijua. Mwaka 1977 huko Bristol, Uingereza, Dk. Kenneth Heaton na wenzake waliwapa watu 10 matofaa kwa njia tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi iliyochujwa. Kiasi cha sukari kilikuwa kile kile. Juisi ilinyweka haraka mara 11 kuliko kula matofaa mazima, na iliwashibisha kidogo kuliko zote. Kwa hiyo pera ulilomtafunisha mtoto si sawa na juisi ya pera uliyoichuja, hata kama hukuongeza sukari.

SASA, KILO NGAPI?

Hapa ndipo wauzaji hutia chumvi. Haya ndiyo yaliyopatikana.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba watu walioongeza gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku walipunguza chakula chao kwa asilimia 10 hivi, bila kulazimishwa. Katika muda wa miezi minne kasorobo walipungua wastani wa kilo 1.9. Waliokuwa wanene walipungua zaidi, kilo 2.4.

Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 12 za nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zile zinazotolewa kama unga au vidonge, kwa watu 609 wenye uzito uliozidi. Baada ya wiki 2 hadi 17 walikuwa wamepungua wastani wa kilo 2.5 kuliko wasiopewa. Lakini mwaka 2020 ukusanyaji mkubwa zaidi, wa tafiti 62 na watu karibu 3,900 walioachwa wale kadiri wapendavyo, ulipata upungufu wa theluthi moja ya kilo tu. Kiuno kilipungua kwa milimita 6. Na gamu ya guari, ambayo imewahi kuuzwa sana kama dawa ya kukonda, ilipochunguzwa mwaka 2001 haikuonekana kupunguza uzito.

Habari njema zaidi ni ya mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na matumbo. Hayo ndiyo yenye hatari kubwa kwa moyo na kisukari. Watafiti waliwafuatilia Wamarekani 1,114 wenye asili ya Afrika na ya Amerika ya Kilatini kwa miaka mitano. Kwa kila gramu 10 za nyuzinyuzi zinazoyeyuka ambazo mtu aliongeza kwa siku, kasi ya mafuta hayo kujazana ilipungua kwa asilimia 3.7. Waliofanya mazoezi ya kutosha, kasi yao ilipungua kwa asilimia 7.4, yaani mara mbili yake. Kutembea kwenda sokoni bado kuna thawabu yake.

Lipo pia jaribio la mwaka 2015 lililofanyika jimbo la Massachusetts, Marekani. Watu 240 waliokuwa katika hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa masharti mengi: chumvi, mafuta, sukari, samaki, pombe na mengineyo. Kundi la pili lilipewa agizo moja tu, kula gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, wenye masharti mengi walikuwa wamepungua kilo 2.7, na wenye agizo moja kilo 2.1. Tofauti ni ndogo mno. Kwa mama mwenye watoto, shamba, kazi na kwaya, agizo moja analoweza kulitimiza lina manufaa kuliko orodha atakayoiacha wiki ya pili.

Basi jibu la swali letu ni hili. Ndiyo, nyuzinyuzi zinasaidia, lakini ni kilo chache, na polepole. Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi kwa unga wa kukoroga anataka fedha yako. Faida kubwa ya nyuzinyuzi haionekani kwenye mizani. Mwaka 2019 uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi hupatwa kidogo na kisukari, magonjwa ya moyo na saratani ya utumbo mpana kuliko wanaokula chache. Tofauti ilikuwa kati ya asilimia 15 na 30. Mwaka 2023 shirika hilo lilishauri kila mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka katika chakula.

Na mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania kwa wanaume 77. Waliotoka katika chakula cha asili cha Kilimanjaro wakala vyakula vya kisasa vilivyosindikwa kwa wiki mbili tu, damu yao ilianza kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani unaoandamana na magonjwa sugu. Waliofanya kinyume chake, dalili hizo kwa sehemu kubwa zilipungua. Wiki mbili tu!

TAHADHARI JUU YA UNGA NA VIDONGE

Nyuzinyuzi kavu zinazovimba katika maji zinaweza kuvimba kooni kabla hazijafika tumboni. Australia ilipiga marufuku vidonge vya glukomanani miaka ya 1980 baada ya watu kuzibwa njia ya chakula. Marekani nayo iliondoa sokoni vidonge vya gamu ya guari kwa sababu kama hiyo. Kama daktari amekuandikia isabgol au unga mwingine wa namna hiyo, unywe kwa maji mengi, ukiwa umeketi, na usiunywe unapokwenda kulala. Dawa zako nyingine zinywe kwa saa tofauti, maana ute unaweza kuzizuia zisiingie mwilini vizuri.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kunywa vidonge amweleze daktari kabla ya kubadili chakula kwa kiasi kikubwa, kwa sababu sukari inaweza kushuka. Mama mjamzito asijaribu kukonda. Ale vizuri na kufuata ushauri wa kliniki.

JIKONI KWAKO

Maharage, kunde, mbaazi au choroko zilizopikwa zina kama gramu 6 hadi 8 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Kikombe kimoja kinakupa zaidi ya gramu 10. Wali mweupe, kwa uzito ule ule wa gramu 100, haufikishi hata gramu moja. Hapo ndipo kazi ilipo.

Siku moja inaweza kuwa hivi. Asubuhi, uji wa dona au wa oti, na pera moja au kipande cha papai. Mchana, ugali wa dona kiasi cha ngumi yako, kikombe cha maharage, na bamia au mlenda. Jioni, viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, mchicha, na chungwa lililomenywa na kuliwa na nyama zake badala ya kukamuliwa. Kwa mlo huo umevuka gramu 25, na hukununua kopo lolote.

Haya nayo yazingatie:

1. Anza kidogo kidogo. Mwenye tumbo lisilozoea akila vikombe viwili vya maharage siku ya kwanza atajaa gesi na kukata tamaa. Anza na nusu kikombe, uongeze kila wiki.

2. Loweka maharage usiku kucha, yamwage maji yale, upikie mapya. Gesi hupungua na mkaa pia.

3. Kunywa maji. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kufunga choo badala ya kukifungua.

4. Angalia mafuta na nazi. Maharage yaliyoungwa kwa tui zito na mafuta ya kuelea hayapunguzi mwili. Nyuzinyuzi hazifuti mafuta.

5. Badilisha, usiongeze juu. Kikombe cha maharage kichukue nafasi ya sehemu ya wali. Ukivila vyote viwili kama zamani, uzito hautapungua.

6. Pima kiuno kwa futi ya cherehani. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80, na huwa kubwa kikipita 88. Kipimo hiki hukuonyesha maendeleo hata kama mizani haisogei.

BABA NA WATOTO

Akina mama wengi hushindwa kwa sababu hupika vyungu viwili: kimoja cha familia, kimoja cha "dayati" ya mama. Haidumu. Pika chungu kimoja. Kama mume wako amezoea sembe nyeupe, changanya nusu sembe nusu dona kwa mwezi mmoja kabla ya kubadili kabisa. Usimfundishe mezani mbele ya watoto. Mwandalie tu chakula kizuri. Wanaume wengi wanaosema maharage ni chakula cha shule hubadili maneno wakionja yaliyoungwa vizuri kwa kitunguu, nyanya na karoti.

Lakini watoto wadogo ni jambo jingine. Tumbo la mtoto wa chini ya miaka mitano ni dogo. Akijazwa uji mwepesi wa pumba na mboga tupu, atashiba kabla hajapata nguvu na protini anayohitaji. Mtoto apewe maharage yaliyopondwa, lakini pia mayai, maziwa, dagaa, karanga zilizosagwa na mafuta kidogo. Dk. Trowell yule yule aliyesifu nyuzinyuzi kwa watu wazima ndiye aliyewazika watoto wa kwashakoo. Tusiwafungishe watoto kwa sababu ya viuno vyetu.

MWILI NI ZAWADI

Dada mpendwa, pengine umesoma mpaka hapa ukiwa na uchungu, kwa kuwa umetaniwa juu ya mwili wako, hata na watu wa nyumbani mwako. Katika kitabu cha Danieli sura ya 1, vijana wanne wa Kiebrania waliomba kupewa mboga na maji kwa siku 10 badala ya chakula cha mfalme. Tunapenda kusimulia habari hiyo, lakini tunasahau mwisho wake: vijana wale walionekana wamenawiri na kunenepa kuliko wenzao! Biblia haisemi kwamba mwembamba ni mtakatifu kuliko mnene. Vijana wale walikataa kutawaliwa na meza ya mfalme, basi.

Nasi meza ya siku hizi isitutawale: soda kila kikao, maandazi kila asubuhi, chipsi kila jioni. Tunautunza mwili kwa sababu Mungu ametupa kazi ya kufanya nao. Kuna watoto wa kulea, mume wa kusaidiana naye, wagonjwa wa kutembelea. Mama aliyekonda kilo mbili tu lakini sukari yake imetulia ana sababu ya kumshukuru Mungu.

Kwa hiyo juma hili fanya mambo matatu. Nunua kilo moja ya maharage au choroko na uile ndani ya siku saba. Badilisha unga. Na ile fedha ya kopo, kama ulikwisha kuitenga, irudishe kwenye ada. Baada ya miezi mitatu, pima kiuno na uende kliniki ukapime sukari na shinikizo la damu. Bwana akutie nguvu.